Bandia na Beleshi Lenye Dira

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Bandia, na katika ukoo wetu wote hakuna mtu mkweli kumshinda. Jina hilo hakupewa na wazazi. Amepewa na soko zima, kwa sababu neno hilo linamtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Unamletea kitu chako ulichokinunua kwa jasho, anakigeuza, anakigonga kwa ukucha, anakurudishia mkononi na kusema, "Bandia." Hasemi kwa kiburi wala kwa huruma. Anasema kama mtu anayekujulisha kwamba mvua imeanza.

Ana banda la mabati nyuma ya soko la mitumba, na humo anauza vitu vilivyochokwa na majeshi: mikanda, chupa za maji, maturubai, viatu vizito vya kumfundisha mtu subira. Jeshi nalo husafisha stoo zake kama sisi tunavyosafisha kabati. Vitu hupigwa mnada kwa mafungu, fungu hununuliwa na mtu mmoja, likauzwa kwa mwingine, mpaka linamfikia mdogo wangu. Lakini kilichomnyima usingizi, na kwa muda mrefu kikamnyima na mke, ni beleshi la kukunja. Wengine mnaliita koleo, wengine chepe, wengine sepetu. Iteni mtakavyo, nazungumzia kile chombo kifupi cha askari cha kuchimbia handaki, ambacho kichwa chake hukunjwa kikalala juu ya mpini, na askari akakibeba kiunoni.

Majeshi yalipoanza kuuza ya kwao, watu wakayapenda. Viwanda vikaona, vikatengeneza ya kufanana. Kisha viwanda vingine vikaiga yale ya kufanana. Siku hizi kwa kila beleshi lililowahi kulala kambini, kuna utitiri wa mengine ambayo jeshi pekee yaliloliona ni la siafu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula cha mchana bandani, kwa hiyo somo hili nimelijua bila kulitaka. Shingoni mwa beleshi kuna nati kubwa ya duara. Ukiilegeza, kichwa kinakunjuka. Ukiikaza, kinasimama imara. Nati ya jeshi hata ikikaa stoo miaka na miaka, itie tone la mafuta itazunguka kwa kidole kimoja. Ya bandia ina tabia mbili tu: ama inang'ang'ania mpaka uitafutie spana, ama inalegea yenyewe na kichwa kinakuinamia katikati ya kazi kama mlevi anayeaga. Halafu kuna rangi. Beleshi la jeshi limepakwa na kupakwa tena, ukilikwaruza unakuta kijani chini ya kijani kingine. La bandia limevaa koti moja tu, na ndani liko uchi linang'aa. Mlio nao una lake: lining'inize kwa kidole, ligonge kwa kijiko, la kweli litalia, la bandia litasema "kopo".

Na chapa. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye tumbo na miwani ya jua, beleshi lake limeandikwa JESHI kwa herufi za kumtosha kipofu.

"Chapa huioni?" akauliza.

"Naiona," mdogo wangu akamjibu. "Ningeiona hata nikiwa nyumbani. Jeshi lenyewe huandika kwa herufi ndogo huku nyuma, karibu na bawaba, na mwaka pembeni. Mwenye mali hapigi kelele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Bwana akajitembeza na beleshi lake.

Lakini linalomtia wazimu kuliko yote ni dira. Kuna mabeleshi ya bandia ambayo mtengenezaji, baada ya kumaliza kila kitu, aliona bado hayanuki vita vya kutosha, akachomeka dira ndogo kwenye kitako cha mpini. "Dada," ataniambia, huku chakula kinapoa, "askari anachimba handaki. Dira ya nini? Anajua yuko wapi. Yuko shimoni." Tena dira zenyewe hazina habari na kaskazini. Sindano inafuata chuma chochote kikubwa kilicho karibu: beleshi lenyewe, nguzo, jiko, mlango wa bati. Ukiifuata hiyo, unaweza kuzunguka sufuria yako mpaka ufe.

Ukweli ni kitu kizuri, sikatai. Ila mdomo huponza kichwa. Mara ya kwanza nilipompeleka kuposa, tulikwenda kwa mwalimu mmoja wa kike, mtaratibu, familia ya watu. Mazungumzo yanaenda vizuri, mara mjomba wa binti akatoa beleshi lake kuwaonyesha wageni. Nikamkanyaga mdogo wangu mguu. Akadhani nimemkanyaga kwa bahati mbaya, akausogeza mguu kunipisha, kisha akasema, "Bandia. Tazama ribiti hizi mbili, hizi pini za kuungia chuma, hazijashika kitu, ni mapambo tu." Mjomba akakunja beleshi, akakunja na uso. Posa ile ilivunjika kwa ribiti mbili.

Basi miaka ikapita, kidevu kikaanza kuota mvi, nami nikawa nimekata tamaa. Ndipo akaja fundi cherehani. Alikuja bandani kutafuta turubai la kushonea mikoba, mwanamke mkubwa wa umri wa kujijua, na futi ya kupimia shingoni. Akashika turubai la juu.

"Hili ni la jeshi kweli?"

"Hapana. Lile la chini ndilo."

"Sasa mbona hili umeliweka juu?"

"Ili mtu aulize."

Akacheka mpaka akaegemea mabati. Kesho yake akarudi kununua turubai lingine, na lile la kwanza alikuwa hajalikata. Mimi si mtoto, nikajua.

Baba wa fundi hakuwa na neno. Alikuwa askari mstaafu, mchimba mahandaki wa kweli, baadaye akawa mlinzi wa ghala huko mbali, sasa amerudi nyumbani kula pensheni na kusimulia. Tatizo lilikuwa mama. Alipopelekewa habari akasema mwanamume huyo ni mrefu mno, atagonga taa ya sebuleni. Alipoambiwa taa inaweza kupandishwa, akasema vitu vya jeshi vina mikosi, yeye mwenyewe kaolewa na kimoja. Mwishowe akasema hawezi kumtoa bintiye kwa mtu anayeitwa Bandia, watu watauliza na ndoa yenyewe ni ya aina gani. Hakuna aliyeelewa chuki hiyo imetoka wapi, maana kwa tulivyojua, mtu mwenyewe hajamwona.

Mzee ndiye aliyekata shauri. Alisema waje, lakini hapatakuwa na jibu lolote mpaka huyo mtaalamu alitazame beleshi lake la vitani. Niliposikia hivyo nikaketi chini.

Njiani nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika akiwa darasa la kwanza.

"Ukiliona utasemaje?"

"Nitasema lilivyo."

"Utasema ni zuri."

"Kama ni zuri."

"Mdogo wangu, ukimkosa na huyu utaoa nati."

Akajishika sikio moja. "Dada, unajua nikisema uongo masikio yananicheza." Na hiyo ni kweli tupu. Tangu utotoni, akidanganya kidogo tu, masikio yote mawili yanapanda na kushuka yenyewe, ndiyo maana aliacha kudanganya mapema. Nikamwombea Mungu beleshi la mzee liwe la kweli, kisha tukabisha hodi.

Aliingia akagonga taa. Mama mtu akanitazama kwa jicho la "si nilisema". Sebule ilikuwa safi, viti vimevalishwa vitambaa vya kufuma, na dirishani, mahali penye mwanga kuliko pote, imesimama cherehani ya miguu, nyeusi, chuma kizito cha zamani, inang'aa kwa kufutwa. Fundi wetu alikuwa amekaa karibu nayo, ameinamisha kichwa. Tukapewa chai. Mzee hakuingoja ipoe. Alitoa mfuko wa turubai uliofifia, akaufungua taratibu, akaweka beleshi mezani, na mimi nikaona kitako cha mpini kinametameta.

Dira.

"Tulipotea," mzee akaanza, na sauti yake ilibadilika ikawa ya kijana. "Giza, mvua, ramani imelowa. Kamanda mwenyewe machozi yanamlengalenga. Nikageuza beleshi langu, nikatazama hapa. Nikawaambia, jamani, twendeni huku. Hata mmoja hakufa."

Mama alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Mzee akalisukuma beleshi mbele ya mdogo wangu. "Haya, kijana. Wewe ndiye unayeyajua."

Nikaona maji yamenifika shingoni. Mdogo wangu akalichukua, akajaribu nati, ikakwama. Akaligeuza nyuma kutafuta chapa, akakwaruza rangi kidogo kwa ukucha. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Akalitazama beleshi, akamtazama mama, akaitazama cherehani pale dirishani, akamtazama mama tena.

"Kijana," mama akasema haraka, "hebu njoo jikoni unishushie sufuria, ni nzito."

Niliwafuata. Jikoni hapakuwa na sufuria yoyote juu ya moto.

"Umenijua," mama akasema.

"Nimekujua, mama. Ila nililijua beleshi kwanza."

Akakaa juu ya kigoda, akajipangusa machozi kwa kanga, na yote yakamtoka. Zamani zile mzee akiwa mlinzi huko mbali, watoto wanakua, yeye anashona kwa mkono mpaka vidole vinatoboka. Beleshi liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, halichimbi hata shimo la kiazi. Akasikia kuna mtu sokoni anapenda vitu hivyo. Akalichukua, akabadilishana naye kwa cherehani iliyokuwa imekaa bandani pale bila kazi, na akaomba na beleshi lingine lolote la kufanana, aliweke kwenye mfuko mzee asije akashtuka.

"Nilikwambia lile ni bandia," mdogo wangu akasema.

"Uliniambia mpaka nikachoka. Nimeshabebewa cherehani na mkokoteni, nimefika barabarani, bado unanipigia kelele kwamba ni bandia."

"Na dira nilikuonyesha."

"Nilijua hataufungua mfuko. Na hakuufungua, mpaka alipostaafu. Siku hiyo nilisimama mlangoni nikasema leo nimekwisha. Akaiona dira. Akakaa, akafikiri, akasema, 'Kumbe lilikuwa na dira. Nilisahau.' Kufika jioni dira ilikuwa imeshaokoa kikosi." Akakunja pindo la kanga. "Cherehani nilimwambia nimenunua kidogo kidogo. Imewasomesha watoto wake wote, na huyu wa mwisho ikampa na kazi. Lakini ukisema neno moja pale sebuleni, mimi nitakuwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Sikuwa na ugomvi na urefu wako, mwanangu. Nilikuwa naogopa macho yako."

Nilimhurumia yule mama kuliko nilivyojihurumia mimi. Mdogo wangu naye akawa ameng'aa uso mzima, kama mtu aliyekuta alichokipoteza.

"Mama, usiogope. La kweli ninalo. Sikuliuza. Limening'inia juu ya kitanda changu mpaka leo, lina nyota ndogo iliyochongwa kwa kisu kwenye mpini, chini ya nati."

"Aliichonga mwaka tuliooana," mama akasema polepole.

"Basi nitalirudisha kwenye mfuko wake. Kila kitu kitanyooka."

Kosa kama hilo mtu mwingine asingelifanya. Mdogo wangu ameishi maisha yake yote akiamini kwamba binadamu akirudishiwa cha kweli hufurahi. Hata mimi, kwa aibu ya yale machozi, nilimwamini.

Akarudi sebuleni, akamwambia mzee, "Baba, nati imekaza. Niruhusu nikaitie mafuta." Kwa kuwa nati ilikuwa imekaza kweli, masikio yalitulia. Mzee akasema sawa, siku atakayolirudisha salama ndiyo siku tutakayopewa jibu.

Tulirudi Jumapili iliyofuata. Mdogo wangu alikuwa amelitia mafuta lile la kweli, amelifuta, amelilaza ndani ya mfuko wa mzee kama mtoto. Alikumbuka kuinamia taa. Mama aliketi karibu na mlango, mikono mapajani, na fundi wetu alikuwa pale pale kando ya cherehani. Huyo hakujua lolote; yeye alijua tu kwamba akitoka mtu na "ndiyo" leo, ana mume.

Mzee akafungua mfuko. Akagusa nati, ikazunguka kwa kidole kimoja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa mazoea, akageuza kitako cha mpini kutazama dira, na palikuwa na mbao tu.

Mzee akalileta beleshi karibu na macho. Akapitisha kidole gumba juu ya mpini, kuanzia kitakoni, polepole, mpaka chini ya nati. Pale kidole kikasimama. Kikazunguka juu ya ile nyota, pembe baada ya pembe. Mzee akainua uso, akaitazama cherehani pale dirishani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anatazama sakafu.

"Hili si langu," mzee akasema. "Langu lina dira."

Akamnyooshea mdogo wangu lile beleshi.

"Wewe kijana. Watu wanasema hujawahi kudanganya juu ya kitu hiki hata siku moja. Hebu nitazame. Hili ni la kweli, au ni nini?"

Mdogo wangu akalipokea. Mimi namjua, nilimlea. Mikononi mwake palikuwa na beleshi bora kuliko yote aliyowahi kuyashika, lina chapa ndogo nyuma, kijani chini ya kijani, lenye nyota ya mwenyewe, na mwenyewe amekaa mbele yake. Akalitazama. Akamtazama mama.

"Bandia," akasema.

Masikio yalicheza. Yalicheza yote mawili, juu chini, juu chini, hata mtu aliye barabarani angeyaona. Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama dakika ile.

"Nimechanganya mabeleshi, baba," akaendelea, na masikio yakazidi. "Lako liko bandani. Nitalileta."

"Nilijua tu," mzee akasema. Alikuwa anayatazama yale masikio waziwazi, na kona ya mdomo wake imejikunja. "Mimi siwezi kudanganywa kwa beleshi. Mama watoto, mbona huwapi watu chai? Binti amepata mtu."

Mama akainuka kwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi alimwekea mkwewe sukari vijiko ambavyo vingemlaza kitandani, naye akainywa yote bila kusema ni tamu mno. Nikajua ameanza kujifunza.

Jioni ile ile mdogo wangu alikimbilia bandani, akarudi na lile lenye dira. Lile la kweli mzee alimwambia akae nalo, kitu cha bandia hakina kazi nyumbani kwake, ila alitunze vizuri, lisipate kutu, na asimuuzie mtu. Halafu akalipokea la kwake, akatafuta mahali pa kuliweka. Akapita meza, akapita kabati, akaenda kuliegemeza kwenye cherehani, kitako juu. Sindano ikatetemeka, ikazunguka, ikaelekea moja kwa moja kwenye chuma kile cheusi, ikatulia.

"Umeona?" mzee akamwambia mkwewe. "Kaskazini."

Mdogo wangu akainama akaitazama ile sindano kwa makini, kama anavyotazama chapa, kisha akaitazama ile cherehani iliyosomesha watoto wa nyumba ile.

"Naam, baba," akasema. "Kaskazini."

Nikamtazama masikio. Hayakucheza hata kidogo.